Kizingiti cha bonde na njia ya samaki: mawe, vidimbwi au usumba?

Ngazi ya kwanza ya samaki niliyoichora, yaani njia ya kuwavusha samaki juu ya kizingiti (ukuta mfupi wa kuzuia maji), ilijengwa kwenye kijito kimoja upande wa Wete, Pemba, na mpaka leo wakaazi wake ni vyura. Ilikuwa na vidimbwi sita vya zege, kingo zimenyooka vizuri, maji yanashuka sentimita 30 kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Mchoro niliunakili katika kitabu cha Ulaya. Siku ya pili baada ya kumaliza, mzee mmoja mwenye konde chini ya kizingiti alikuja kuitazama. Nikamwamkia, akaitika, kisha akauliza: "Mwanangu, hii ngazi ya nani?" Nikamwambia ya samaki, mzee wangu. "Samaki gani?" Hapo nikakosa jibu.

Kitabu kile kilizungumzia samoni, samaki wa mito ya baridi, mrefu kama mkono, anayeruka maporomoko. Wanaopanda vijito vyetu ni wadogo. Kuna mikunga wachanga, wanaozaliwa bahari kuu na kuingia mitoni wembamba kama uzi, sentimita tano au sita. Kuna kamba wa mtoni, ambao vitoto vyao haviwezi kukua bila maji ya chumvichumvi, kwa hiyo huteremka mpaka kwenye mikoko, kisha hurudi juu wakiwa bado wadogo sana. Karibu na mdomo wa kijito wapo mkizi na mwatiko wachanga. Juu zaidi kuna perege na kambare, ambao hawana haja na bahari, ila kambare masika yakianza hutafuta mabonde yaliyofurika ili wakazae humo. Mkizi huruka, kweli, na hasira zake ndizo furaha ya mvuvi. Lakini mkizi wa sentimita nne haruki kitu.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, shikeni hesabu moja. Kwa kukisia, samaki akikaza nguvu zote huenda kasi ya mara kumi ya urefu wa mwili wake kwa sekunde, na hawezi kuishikilia zaidi ya sekunde chache. Wa sentimita 5 atafika nusu mita kwa sekunde. Sasa tazameni maji: yakianguka sentimita 30 hupata kasi ya karibu mita 2.4 kwa sekunde. Sentimita 20, mita 2. Sentimita 10, mita 1.4, sentimita 5, mita 1. Ngazi yangu ilimtaka mgeni wa sentimita 24 kwenda juu. Hata anguko la sentimita 5 humshinda mkunga mchanga akipita katikati ya mkondo. Huponea pembeni, penye mawe, mizizi na nyasi, maji yalikopungua nguvu. Chochote mtakachochagua hapa chini, kipimeni kwa kingo zake.

Je, kizingiti chenyewe bado kinatakiwa?

Swali hili halina gharama na watu hulikwepa, labda kwa sababu kuvunja hakupigwi picha kama kujenga. Kama banio, yaani kizingiti cha kugeuzia maji mferejini, lilijengwa kwa mfereji ambao siku hizi haupeleki maji popote, nyundo na wiki moja ya kiangazi zinashinda kila ngazi iliyopo duniani. Marekani, mwaka 1999, bwawa la Edwards katika Mto Kennebec, lililojengwa 1837, lilivunjwa, na samaki wa baharini wakapanda tena sehemu walizofungiwa zaidi ya miaka 160. Kwetu kazi ni ndogo zaidi. Mara nyingine inatosha kukata sehemu ya katikati na kuweka mbao za kuchomoa: wakati wa kujaza majaluba zinawekwa, mpunga ukishashiba zinatolewa.

Angalieni mambo mawili. Tope lililojaa nyuma ya ukuta likiachiwa kwa pigo moja litafunika makonde ya chini, kwa hiyo vunjeni kwa awamu. Na kama kijito kiko karibu na mikoko, pimeni kwanza wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Huenda kizingiti hicho kilichosahaulika ndicho kinachozuia maji ya chumvi yasipande bondeni, na Pemba tumeshapoteza mabonde ya kutosha kwa chumvi.

Mawe au vidimbwi

Hapa ndipo kamati nyingi hugombana, kwa hiyo nitakaa.

Tuseme kizingiti kina sentimita 80, kimo ninachokikuta mara nyingi kwenye mabanio madogo ya mpunga. Ngazi ya vidimbwi yenye anguko la sentimita 10 itakuwa na maanguko manane na vidimbwi saba. Kila kidimbwi kikiwa na urefu wa mita moja na nusu, pamoja na kuta mtamaliza ndani ya mita 12 hivi. Mteremko wa mawe, yaani mawe makubwa yaliyopangwa safu safu kutoka mdomo wa kizingiti mpaka chini, unahitaji mwinamo wa 1 kwa 20, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 20 za urefu, na kwa samaki wadogo 1 kwa 30. Hiyo ni mita 16 mpaka 24. Kwa mwinamo wa 1 kwa 20 safu zikiachana mita 2, kila safu inashusha maji sentimita 10. Kwa 1 kwa 30 zikiachana mita moja na nusu, zinashusha sentimita 5.

Kwa urefu peke yake, zege limeshinda. Lakini ukimwuliza mkunga wa sentimita sita, jibu linageuka. Katika mteremko wa mawe hakuna hata nafasi mbili zilizo sawa: hapa maji yanakimbia, hapa yanazunguka nyuma ya jiwe, pale pembeni yanatambaa juu ya kokoto kwa kina cha vidole viwili. Kila mmoja hujichagulia njia. Mkijenga kwa umbo la sahani, katikati pamebonyea na kingo zinapanda taratibu, basi kiangazi maji machache yatakusanyika katikati, na masika mto ukijaa kingo za polepole zitasogea juu pamoja na maji. Vidimbwi vya zege hufanya kazi vizuri kwa kiwango cha maji kilichochorewa. Kikipanda au kushuka sana, mambo yanaharibika.

Kuna pia hesabu ya msukosuko, ambayo mafundi huisahau. Maji yanayoanguka kidimbwini yana nguvu ambayo lazima ipoozwe na ujazo wa kidimbwi. Chukueni lita 50 kwa sekunde, zianguke sentimita 10: hizo ni kama wati 49. Kidimbwi cha mita 1.5 kwa 1, kina cha sentimita 60, kina mita za ujazo 0.9, kwa hiyo kila mita ya ujazo inabeba wati 54. Wahandisi wa Ulaya hukubali mpaka wati 200 kwa samoni na 150 kwa samaki wengine. Kwa wadogo wetu mimi sitaki kupita hizo 54, na zikipungua zaidi nafurahi. Mkibana kidimbwi ili kuokoa simiti, mnatengeneza sufuria inayochemka. Samaki anaingia, anapotea njia, anarudi chini.

Mawe nayo yana aibu zake. La kwanza, yanavuja. Kiangazi, kijito kikishabaki cha kuchota kwa kata, maji hupita chini ya mawe na juu pakabaki pakavu. Lazima mzibe kwa udongo wa mfinyanzi na changarawe ndogo, na mkubali kuziba tena baada ya masika ya kwanza. La pili ni mawe yenyewe. Vilima vya kati vya Pemba ni udongo na mchanga, jiwe gumu halipatikani njiani. Tulilonalo ni jiwe la matumbawe la ukanda wa pwani: jepesi, lina matundu, mto uliojaa hulibeba kwa urahisi kuliko jiwe zito la ukubwa huo huo. Chagueni makubwa kuliko mchoro wa kitabu unavyosema, na yazikwe theluthi mpaka nusu ndani ya zege hafifu. Yachimbwe nchi kavu. Anayeleta matumbawe ya baharini ili kuokoa samaki wa mtoni amefukua shimo hapa kufukia pale. Na vizimba vya waya vya kujazia mawe, ambavyo wafadhili huvipenda, viacheni mbali na maji yanayofikiwa na chumvi, kwani kutu haingoji.

Kwa hiyo lini nachagua vidimbwi? Kizingiti kikipita mita moja na nusu, kingo zikiwa zimesimama na mto hauna upana, mteremko wa mawe unakuwa mrefu kuliko nafasi iliyopo. Hapo nenda na zege, lakini si la aina yangu ile, ambapo maji hupita juu ya ukuta na samaki anatakiwa kuruka. Afadhali ukuta wenye mwanya wima, kuanzia sakafuni mpaka juu. Samaki hupita kwa kina anachokitaka, na kiwango cha maji kikibadilika mwanya bado unafanya kazi. Ubaya wake ni takataka. Kumbi moja la nazi linatosha kuziba mwanya wa sentimita 15, na masika kijito chetu hakileti kumbi moja. Aina nyingine ni safu za koni za zege zilizosimama ndani ya mfereji, maji yakipita kati yake. Zilijaribiwa Laos, kwenye ardhi oevu ya Pak Peung kando ya Mekong, mahali penye samaki wadogo wengi na mashamba ya mpunga, na hali hiyo inafanana na ya kwetu kuliko mto wowote wa Ulaya. Kinyume chake ni bwawa la Pak Mun nchini Thailand, lililokamilika 1994. Lilipewa ngazi ya mtindo wa samoni, na samaki wengi wa Mto Mun hawakuiweza. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia nafuu kidogo. Kumbe sikuwa peke yangu.

Mfereji wa vibao vilivyoinama, uliobuniwa na Mbelgiji Gustave Denil mwaka 1909, ni mfupi na unapandisha kwa ukali, ila unahitaji samaki mwenye nguvu na maji yasiyobeba takataka. Uacheni. Lifti za samaki nazo ni habari za mabwawa ya umeme.

Mfereji wa kuzunguka, kijito kidogo cha kuchimba kinachokwepa kizingiti kwa pembeni, ndio ninaoupenda moyoni. Kwa mwinamo wa 1 kwa 50 mpaka 1 kwa 100, kizingiti chetu cha sentimita 80 kingetaka mita 40 mpaka 80 za mfereji unaopindapinda, wenye nyasi na vivuli. Hakuna samaki wala kamba atakayeukataa. Tatizo ni ardhi. Ukingo wa bonde una mikarafuu ya mtu, mara nyingi ndani ya eka tatu za familia zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na leo zina warithi kumi na wawili. Ukipata saini zote, chimba kesho yake asubuhi.

Unguja kuna jambo moja zaidi. Baadhi ya mito yake humezwa na mapango ya mawe ya matumbawe kabla ya kufika baharini. Pale orodha ya wasafiri inafupika: tengenezeni njia kwa ajili ya kambare na perege, na anguko la sentimita 10 linaweza kutosha.

Usumba kwa wapandaji

Mkunga mchanga na kamba wa mtoni wana kipaji ambacho mkizi hana: hupanda ukuta uliolowa, usiku, wakishika chochote chenye nyuzi. Kwao njia inaweza kuwa kipande cha ubao kilichoinamishwa, chenye brashi, kikitiririkiwa na maji kidogo tu. Mwinamo unaweza kuwa mkali, digrii 30 hivi, jambo ambalo lingemshinda samaki anayeogelea. Ulaya wanatumia brashi za plastiki za kununua. Lakini zamani Ayalandi, kwenye Mto Bann, watu walining'iniza kamba za majani makavu juu ya vizingiti ili mikunga wapande, na New Zealand wamejaribu kamba za kufugia kome kwenye makalvati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) yanayoning'inia, wakaona kamba wa mtoni wanazipanda. Kamba wanapanda kamba. Kiswahili kimeshajichekea chenyewe.

Sisi tuna usumba, nyuzi za kumbi la nazi. Mkeka wa usumba uliopigiliwa kwenye ubao, au kamba nene za usumba tatu nne zilizofungwa pamoja kutoka mdomo wa kizingiti hadi ndani ya maji ya chini, ni kazi ya siku moja. Utaoza, na utabadilishwa kila mwaka kabla ya masika. Afadhali hivyo kuliko kamba za mwani za plastiki ambazo nazo zinachakaa, ila uchakavu wake unaishia baharini. Upeni kivuli na ukingo wa pembeni, maana korongo hujifunza haraka mahali pa kusimama.

Ukiwa na pesa ya simiti mifuko miwili tu, chagua hii. Kumbuka lakini kwamba perege na mkizi hawatafaidika nayo hata kidogo. Kwenye ngazi ya zege iliyokwisha kujengwa vibaya, ubavu wa usumba ndio nyongeza ya bei nafuu kuliko zote. Vyura wangu wa Wete wameshapata majirani wa aina hiyo.

Kalvati

Vizuizi vingine haviitwi vizuizi, vinaitwa barabara. Kalvati la bomba lenye sakafu laini hukimbiza maji membamba kwa kasi, na baada ya misimu michache maji hufukua upande wa kutokea mpaka mdomo unabaki unaning'inia juu. Kama ndiyo kwanza linajengwa, mwombeni fundi mambo mawili: upana usipungue upana wa kijito kikiwa kimejaa, na robo ya kimo cha bomba izikwe chini ya sakafu ya mto ili mchanga na kokoto viingie ndani. Gharama ya ziada ni bomba la saizi moja juu. Kama lipo tayari, jengeni safu mbili tatu za mawe upande wa chini ili maji yajae mpaka yaufunike mdomo. Kisha ndani pigeni vizuizi vidogo vya kupunguza kasi, ikiwa bomba linaweza kupoteza nafasi hiyo bila kufurika barabara. Likiwa dogo tayari, msiguse ndani.

Mlango wa maji ya chumvi

Penye tuta la kuzuia bahari, mlango wa bawaba hufungwa na maji yanapojaa na kufunguka yanapokupwa. Kwa mpunga ni sawa kabisa. Kwa samaki ni msiba, kwa sababu wachanga huja na maji yanayojaa, saa ile ile mlango unapojibana. Dawa ni kuuchelewesha. Mlango wenye boya huachwa wazi mpaka maji yafike alama fulani, ndipo hufunga. Au ule wa zamani hukatwa dirisha dogo chini lenye kifuniko cha kuteleza. Wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, dirisha liwe wazi, bamvua likija lifungwe.

Chumvi kidogo itaingia, na hapa sitaki kumdanganya mkulima. Mavuno ya mpunga huanza kupungua chumvi ya udongo ikipita desisimensi 3 kwa mita, kipimo cha jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme. Kwa hiyo dirisha liendane na kipimo, na lianze katika vuli au masika mvua inaposukuma maji baridi kwa wingi, lisianze kiangazi. Kama hakuna mtu wa kulifunga kila bamvua, chagueni boya hata kama ni ghali. Kama hakuna wa kusafisha boya, acheni kwanza.

Nani anakunywa kwanza

Sasa jambo ambalo halimo kwenye michoro mingi. Kila njia niliyoitaja ina mdomo wa juu, na mdomo huo una kimo chake ukilinganisha na mdomo wa mfereji wa mpunga. Ukiwa juu zaidi, kiangazi maji yote yataenda majalubani na njia ya samaki itakauka. Ukiwa chini zaidi, samaki wanakunywa kwanza na mkulima anangoja. Sentimita tano za zege ni hukumu ya kugawa maji, na fundi huitoa peke yake kwa pima maji yake bila kujua kwamba amehukumu. Iamueni kwenye kikao, mbele ya sheha, na wavuvi wa mikokoni nao waitwe.

Kwenye kikao hicho hicho semeni habari ya dema, mtego wa samaki. Njia ya samaki inawakusanya wote mahali pamoja pembamba. Dema moja mdomoni usiku wa mvua ya kwanza linaweza kumaliza kazi ya mwaka. Sisi tulichora mstari hatua 30 juu na chini, hakuna mtego wala kutanda ndani yake.

Mdomo wa chini nao una sheria yake: ukae karibu na mguu wa kizingiti, pale samaki wanapojikusanya wakitafuta pa kupita. Ukiishia mita 10 mbele, watapita pembeni yake bila kuuona. Na nani atasafisha? Andikeni jina kwenye daftari kabla ya kununua simiti, jina la mtu mmoja. "Kamati" haina mikono ya kutoa kumbi kwenye mwanya.

Kwa banio letu la sentimita 80 tulichagua mteremko wa mawe wa mita 24, nusu ya upana wa mto, na ubavu wa usumba kwenye nusu iliyobaki. Mdomo wa juu wa njia ya samaki uko sentimita 5 chini ya mdomo wa mfereji. Ipo mbao ya kuuziba kwa siku za kujaza majaluba, siku tatu kwa msimu, na haikai pale mtoni. Inakaa nyumbani kwa mshika fedha, nyuma ya mlango, na anayeitaka anaandika jina lake.